Pimeni Kwanza, Ndipo Mwashe Taa

Mzazi akiambiwa kwamba jicho la mtoto wake litaondolewa ngozi yake ya juu, kisha litamulikwa kwa taa nusu saa nzima, moyo wake utafanya nini? Atasema, "Hapana, mwanangu hatachomwa jicho." Mzazi mwingine, mwenye mtoto wa ugonjwa ule ule, akisikia kwamba taa hiyo ilimsaidia kijana wa jirani, atauza kiwanja chake Panzi au ng'ombe wa baba yake kule Walungu, atakuwa tayari kusafiri hata Kampala au Nairobi, naye atasema, "Mulikeni upesi." Mimi naona wote wawili wamekosa, tena kosa lao ni moja. Hakuna aliyeuliza konea ya mtoto ina unene gani.

Ugonjwa wenyewe huitwa keratokoni. Huanza mara nyingi mtoto anapobalehe, akiwa na miaka 12, au 14, au 16. Konea ni kile kioo kiangavu kilicho mbele kabisa ya jicho, kinachofunika ile duara nyeusi. Katika ugonjwa huu konea hudhoofika, huwa nyembamba, nayo husukumwa mbele na maji yaliyo ndani ya jicho, mpaka inachongoka kama pia wanayoichezea watoto. Mwanafunzi huanza kuona herufi za ubaoni zina vivuli. Usiku taa moja huiona kama taa tatu. Ananunuliwa miwani, na baada ya miezi michache miwani hiyo haimfai tena. Mwalimu hudhani ni mvivu, na baba hudhani anataka miwani ya kujionyesha. Ugonjwa huenda polepole, na kwa wengi hutulia wenyewe wakifikia miaka thelathini na kitu au arobaini. Lakini miaka iliyo katikati ndiyo miaka ya shule na ya kujifunza kazi.

Sasa tuangalie kioo hicho kwa karibu, maana pasipo kukijua hatuwezi kusema lolote juu ya taa. Gawanyeni milimita moja mara elfu; sehemu moja ya hizo huitwa mikroni. Konea nzima, katikati yake, ina unene wa kama mikroni 540, yaani nusu milimita na kidogo. Katika unene huo mdogo mna tabaka kadhaa, nami nitazitaja tatu tu. Juu kuna ngozi laini ya kama mikroni 50. Hii ikikwaruzwa hurudi kwa siku chache. Katikati kuna nyuzi nyingi za kolajeni, nazo ndizo karibu konea yote. Na nyuma kabisa, upande unaogusa maji ya ndani ya jicho, kuna tabaka la chembe hai zilizopangwa mstari mmoja tu kwa unene, kama vyumba vya sega la nyuki. Tabaka hilo huitwa endothelia. Chembe hizo ndizo wanafunzi wa siku hizi wanazoziita seli.

Kazi yake ni nini? Mmewaona wavuvi wa sambaza katika ziwa Kivu. Mtumbwi mkuukuu huingiza maji kidogo kidogo, na mtu mmoja hukaa chini kuyachota na kuyatupa nje. Hakuna anayemsifu, maana havui hata samaki mmoja. Lakini akilala, wote watalowa, na baadaye watazama. Endothelia ndiye mtu huyo. Maji ya ndani ya jicho hutaka kuingia katika konea wakati wote, mchana na usiku, na chembe hizi huyarudisha nyuma. Ndiyo sababu konea inaangaza.

Mtu mzima mwenye macho mazuri ana chembe kama 2,500 hadi 3,000 katika kila milimita mraba. Chembe moja ikifa, hakuna nyingine inayozaliwa mahali pake. Jirani zake hujinyoosha kuziba pengo, basi. Zikipungua mpaka kufikia kama 500, kazi huzishinda. Konea hujaa maji, huwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na maumivu huja. Hapo matone ya dawa hayatoshi. Mgonjwa huhitaji konea, au sehemu ya konea, iliyotolewa kwa mtu aliyekufa. Nazo zinapatikana wapi? Uchunguzi wa nchi nyingi za dunia uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila watu 70 waliohitaji konea, ilipatikana 1 tu. Basi yule mzazi wa kwanza mwenye hofu si mpumbavu. Anaogopa jambo linalostahili kuogopwa, ila hajui linaanzia wapi.

Matibabu haya yalitoka katika mji wa Dresden, Ujerumani. Mwaka 2003 Wollensak, Spoerl na Seiler walitangaza habari za wagonjwa wao wa kwanza, watu 22, macho 23. Njia hiyo ya Dresden hufanywa hivi. Mgonjwa hulala chali, jicho lake hutiwa dawa ya ganzi, na ile ngozi laini ya juu huondolewa. Kisha hutiwa matone ya riboflavini, yenye rangi ya manjano, kwa muda wa dakika 30, mpaka konea inyonye. Riboflavini si kitu kigeni. Ni vitamini B2, iliyomo katika maziwa, mayai na maini. (Asije mtu akamlisha mtoto maini, akamweka juani akidhani amemtibu. Kulikodolea macho jua huunguza sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na hasara hiyo huenda isiondoke tena.) Baada ya matone huwashwa taa ya nuru ya urujuanimno, ndugu ya ile nuru ya jua inayounguza ngozi, kwa dakika 30 nyingine. Nuru, riboflavini na oksijeni hufanya kazi pamoja, na nyuzi za kolajeni hufungamana. Aliyejenga nyumba ya miti anaelewa upesi. Fito zikisimama peke yake hupinda. Zikifungwa kwa kamba, fito hii kwa ile, ukuta husimama.

Yafaa kusema wazi kwamba ukuta uliopinda haunyoki hivyo. Matibabu haya husimamisha ugonjwa. Wengine huona vizuri zaidi kidogo baadaye, lakini shabaha ni kuzuia jicho lisiharibike zaidi. Mtu akiwaahidi kwamba mtoto ataitupa miwani yake, amewadanganya.

Je, yule mchota maji wetu aliye nyuma, nuru hiyo humfanyia nini? Hapa ndipo riboflavini huonyesha kazi yake ya pili. Mbali na kufunga nyuzi, ni mwavuli. Huinywa nuru njiani, isifike nyuma na nguvu zake zote. Taa ile ya Dresden hutoa miliwati 3 kwa kila sentimita mraba juu ya konea. Konea yenye unene wa mikroni 400, iliyonyonya riboflavini vema, huacha kama miliwati 0.18 tu kuifikia endothelia. Na madhara kwa chembe hizo huanza kwenye kama miliwati 0.35. Tazameni hesabu hiyo: inayofika ni kama nusu ya ile inayoua. Si nafasi kubwa, lakini ni nafasi.

Namba hizo hazikutungwa mezani. Mwaka ule ule wa 2003 Wollensak na wenzake walieleza majaribio yao kwa sungura, ambao konea zao ni nyembamba kuliko zetu. Nuru ilipozidi kipimo, chembe za nyuma ziliharibika. Ndipo wakasema, konea ya mtu iliyo chini ya mikroni 400 isitibiwe kwa njia hii. Na katika wale wagonjwa 22, ambao konea zao zilitosha unene, chembe za endothelia hazikupungua kwa kiasi cha kuhesabika, wala konea haikupoteza uangavu wake. Mmeona? Taa moja, riboflavini moja. Jicho nene lilipona, jicho jembamba liliumia.

Kwa miaka iliyofuata watu walijaribu kuvuka mpaka huo. Waganga wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walitangaza mwaka 2012 habari za macho 14 yaliyokuwa chini ya mikroni 400, waliyoyamulika kwa njia ya kawaida. Kabla ya matibabu chembe zilikuwa kwa wastani 2,733 katika milimita mraba. Baada ya mwaka mmoja zilikuwa 2,411. Mtu anaweza kusema, chembe 2,411 zatosha, jicho bado linaona. Ni kweli. Lakini huyo ni kijana, naye ana miaka hamsini mbele yake. Uzee utachukua sehemu yake kila mwaka. Huenda siku moja atapasuliwa mtoto wa jicho, na upasuaji huo nao huchukua chembe. Akiba ya macho haiongezwi, hutolewa tu. Mimi nikiwa mzazi nisingekubali kutoa zaidi ya 300 katika milimita moja kwa kukosa kupima.

Tena kupima mara moja hakutoshi, na jambo hili hata baadhi ya wenye ujuzi hulipita upesi. Ile riboflavini ya njia ya Dresden huchanganywa na dekstrani, kitu kinachovuta maji. Wakati wa zile dakika 30 za matone, konea hukauka na kupungua unene, pengine kwa makumi ya mikroni. Jicho lililoingia chumbani likiwa na mikroni 430 baada ya ngozi kuondolewa laweza kuwa chini ya 400 saa ile ile taa inapowashwa. Kwa hiyo mganga hupima kabla, hupima ngozi ikiisha kuondolewa, hupima matone yakiisha. Ni kazi ya sekunde chache kila mara, kwa chombo kidogo mfano wa kalamu, kinachogusa konea na kutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika.

Nao wenye macho membamba, tuwaache? Hapana. Mwaka 2009 Hafezi na wenzake wa Uswisi walionyesha kwamba riboflavini isiyo na dekstrani, iliyo nyepesi kama maji, huivimbisha konea kwa muda, ikapata unene wa kutosha kumulikwa. Mwaka 2021 Hafezi huyo, pamoja na wenzake, alitangaza njia nyingine: badala ya kuivimbisha konea, dakika za taa hupunguzwa kwa kadiri ya unene wa jicho la mgonjwa mwenyewe. Mwembamba sana humulikwa muda mfupi, mnene kidogo humulikwa zaidi. Njia zote mbili ni za maana. Lakini angalieni zinaanzia wapi. Zote huanza na kipimo.

Sasa nitasema neno ambalo huenda litawaudhi marafiki wetu. Wako watu wema, wa hapa na wa ng'ambo, ambao wakisikia habari ya ugonjwa huu huuliza, "Taa hiyo ni bei gani? Tutaitafutia hospitali moja ya Kivu." Taa hupendeza. Hupigwa picha, hufunguliwa kwa hotuba. Kile chombo cha kupimia hakipigwi picha, ni kama kalamu na kisanduku. Tena huhitajiwa mashine ya kuchora umbo la konea, ili mganga ajue kama ugonjwa unaendelea au umetulia, maana kumtibu mtu wa miaka 45 ambaye konea yake haijabadilika miaka kumi ni kuharibu fedha zake na kumpa maumivu bure. Na huhitajiwa mwuguzi aliyefundishwa. Hospitali yenye vipimo pasipo taa yaweza kumwambia mzazi ukweli na kumtuma mtoto mahali panapofaa kwa wakati. Hospitali yenye taa pasipo vipimo ni hatari kuliko hospitali isiyo na kitu. Mimi nasema, marafiki wakija na fedha za kitu kimoja, waombeni kipimo. Na kama taa italetwa, iwe ya kutumia betri, kwa sababu umeme wetu wa Ruzizi tunaujua.

Nirudi kwa yule mzazi mwenye hofu. Anadhani akikataa taa ameiokoa endothelia ya mtoto. Sivyo. Konea ikizidi kuchongoka huzidi kuwa nyembamba. Leo 450, baada ya mwaka 420, halafu 380. Kila mwezi wa kungoja huipunguza ile nafasi tuliyoihesabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni konea ya mtu aliyekufa. Tena ugonjwa ukiachwa, siku moja lile tabaka la nyuma hupasuka kwa wengine. Maji huingia ghafla katika konea, na mgonjwa huamka jicho lina ukungu mweupe na maumivu makali. Likipona huacha kovu. Hapo hapakuwa na taa yoyote. Ni ugonjwa peke yake uliomfikia mchota maji.

Kwa hiyo vita vya kuilinda endothelia huanza nyumbani, miaka mingi kabla ya Dresden kutajwa. Tazameni mtoto anayefikicha macho. Kufikicha macho kwa nguvu, kila siku, kwa vifundo vya vidole, kumeshikamana na ugonjwa huu. Na kwa nini anafikicha? Kwa sababu yanawasha. Ng'ambo ya Ruzizi, huko Rwanda, watoto wa shule walichunguzwa, na habari iliyochapishwa mwaka 2011 ilisema kwamba kama 4 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa macho ya kuwasha wa aina ile inayowashika watoto wa nchi za joto, ambao husababisha macho kuwa mekundu, kutoa utando kama uzi, na kuchukia jua. Watoto wa Bukavu na wa Cyangugu hupumua hewa moja. Wakati wa kiangazi, vumbi la njia za Kadutu na Bagira linapoinuka, tazameni wangapi wanafikicha.

Mtoto wa namna hiyo awekewe kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope. Apelekwe kwa mwuguzi wa macho, apewe matone yanayofaa. Msimnunulie matone sokoni kwa kufuata rangi ya kichupa. Yako matone yanayotuliza kuwasha kwa siku moja, lakini yakitumiwa miezi mingi pasipo mganga kuangalia huinua msukumo ndani ya jicho, na huleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye hajafika hata miaka ishirini. Na tafadhali, msitie maji ya majani.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu darasani, sasa ni wa ishirini, anayefinya macho na kugeuza kichwa ili aone ubao, asipigwe wala asicheke­shwe mbele ya wenzake. Aitwe baba yake.

Siku ya kwenda hospitali mzazi asione haya kuuliza. Nimesikia mazungumzo ya namna hii zaidi ya mara moja:

"Munganga, mtoto wangu atamulikwa?"

"Ndiyo, mama. Ana keratokoni."

"Nashukuru. Umeipima konea yake?"

"Tumeipima."

"Ni ngapi mahali pembamba kabisa?"

Mganga mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Hufurahi, kwa sababu mama wa namna hiyo ndiye atakayerudi kwa siku aliyoambiwa. Basi aendelee kuuliza: Miezi sita iliyopita ilikuwa ngapi? Ugonjwa unaendelea, au umesimama? Siku ile, matone yakiisha, mtapima tena? Ikiwa chini ya 400, mtafanyaje? Jibu likiwa, "Tutamulika tu, hakuna neno," mama achukue mtoto wake, ashukuru kwa heshima, aende nyumbani.

Na aulize juu ya siku zinazofuata, maana hatari iliyo karibu zaidi haiko nyuma ya konea, iko mbele. Ngozi ya juu ikiisha kuondolewa, jicho ni kama kidonda kilicho wazi kwa siku 3 hadi 5. Huuma sana usiku wa kwanza, hutoa machozi, huchukia mwanga. Mganga huweka lenzi laini kama bendeji na kutoa matone ya kuua vijidudu. Siku hizo mtoto asioge ziwani, asinawe uso kwa maji ya mferejini, asikae jikoni penye moshi wa makala, na mikono yake isifike machoni hata akiwa usingizini; wengine hufunikwa jicho kwa kikombe cha plastiki wakati wa kulala. Maumivu yakiongezeka siku ya tatu badala ya kupungua, au doa jeupe likitokea, arudishwe siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

Ile namba ya unene iandikwe katika daftari ya mtoto pamoja na tarehe, jicho la kuume peke yake na la kushoto peke yake. Mashine ikiweza kuhesabu chembe za endothelia, hesabu hiyo nayo iandikwe hapo hapo, kabla ya taa na baada yake. Daftari isikae kwa hospitali, ikae kwa mama, mahali panapowekwa vyeti vya ubatizo na vya shule. Mkihama kwenda Goma au Uvira, mganga wa huko ataanza kwa kuuliza ilikuwa ngapi.